Maoni Yetu: Badilisheni programu ya bakapu kabla hamjaihitaji

Katika ofisi nyingi za hapa kwetu, ombi la kununua toleo jipya la programu ya bakapu huishia mezani kwa mkubwa. Afisa TEHAMA anaandika dokezo, anaambatisha profoma, anapanda nalo ghorofani. Mkurugenzi anasoma mstari wa mwisho, pale penye bei ya dola, kisha anauliza: "Hii tuliyo nayo imeharibika?"

"Hapana, Mkurugenzi, ila ni ya zamani sana."

"Inafanya kazi?"

"Kila usiku inafanya."

"Basi tuiache kwanza. Tuna mambo ya haraka zaidi."

Dokezo linarudi kwenye jalada, na mwaka unaofuata linaandikwa tena kwa tarehe mpya.

Hatumlaumu mkurugenzi. Ameuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye fedha kidogo na mahitaji mengi angeuliza. Shida ni kwamba kwa kitu cha namna hii swali hilo halitoi jibu la kuaminika. Printa ikifa, kila mtu anajua asubuhi ileile. Gari likigoma, dereva anapiga simu. Programu ya bakapu inaweza kuwa imekufa miaka miwili na ofisi nzima isijue, kwa sababu kazi yake halisi, yaani kurudisha kilichopotea, haijaombwa kuifanya hata siku moja. Alama ya kijani kwenye skrini inaonyesha kwamba programu imemaliza mzunguko wake wa usiku. Haionyeshi kwamba kilichoandikwa kwenye diski kinafunguka.

Tunasema msimamo wetu mapema. Programu ya bakapu ambayo mtengenezaji ameacha kuihudumia ibadilishwe, na fedha zake zitengwe katika bajeti hii. Ile ambayo bado inahudumiwa, lakini imeachwa nyuma na seva au kanzidata inayoilinda, ipandishwe toleo. Na kabla ya lolote kati ya hayo, ofisi ifanye jaribio moja la kurejesha data, ili uamuzi utokane na kilichoonekana kwa macho.

Kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, ilipata somo hili hadharani. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wake mmoja alikuwa akihangaika na seva mbili za kanzidata, moja kuu na nyingine ya akiba, zilizokuwa zimeacha kwenda sambamba. Aliamua kufuta folda ya data kwenye seva ya akiba ili aianze upya. Amri ilipokwishatoka ndipo alipogundua kwamba yuko kwenye seva kuu. Aliisimamisha ndani ya sekunde moja au mbili. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilikuwa zimebaki 4.5.

Wakaenda kuchukua nakala. Sehemu ya mtandaoni zilimopaswa kuwekwa nakala za kila siku ilikuwa tupu. Kanzidata yao ilikwishapandishwa hadi PostgreSQL 9.6, lakini chombo cha kunakili kilichokuwa kikiendeshwa kila siku kilikuwa cha toleo la 9.2. Seva iliyopewa kazi hiyo haikuwa na kanzidata ndani yake, kwa hiyo programu haikuweza kutambua toleo sahihi, ikachukua la zamani. La zamani likikutana na kanzidata mpya linagoma na kutoa taarifa ya kosa. Taarifa hizo zilitumwa kwa barua pepe, lakini zilikataliwa njiani kwa sababu hazikuwa na uthibitisho wa mtumaji. Hakuna aliyeziona.

Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi yuleyule alikuwa ameichukua kwa mkono mapema siku hiyo, kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa ya majaribio. Huduma ilirudi baada ya muda wa saa 18 hivi. Data iliyoingia katika saa zipatazo sita kabla ya ajali haikurudi: miradi 5,000 hivi, maoni mengine 5,000 na akaunti 700 za watumiaji wapya. Kampuni iliandika ripoti nzima, ikaichapisha bila kuficha, na tunaishukuru kwa hilo, maana kampuni nyingi zingekaa kimya.

Tumekisimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ofisi hiyo haikuwa ya wazembe. Ilikuwa na wahandisi wazuri na njia kadhaa za kuhifadhi nakala. Wala chombo cha 9.2 hakikuwa kibovu. Kingeifanya kazi yake vizuri kwa kanzidata ya 9.2. Kosa lilikuwa kwamba kanzidata ilisonga mbele na chombo cha kuilinda kikabaki palepale. Hivyo ndivyo umri wa programu ya bakapu unavyopaswa kupimwa. Miaka tangu inunuliwe haisemi mengi. Tazameni kilichobadilika pembeni yake tangu siku ile iliposimikwa.

Na katika ofisi zetu yanabadilika mengi bila bakapu kuarifiwa. Mfumo wa mishahara unahamishiwa kwenye seva mpya, huku bakapu ikiendelea kunakili folda ya seva ya zamani, ambayo haijaguswa tangu mhasibu aliyetangulia astaafu. Kila usiku inamaliza salama. Mahali pengine programu ya zamani inanakili faili la kanzidata kama inavyonakili barua ya Word, faili moja baada ya jingine, wakati watumiaji wakiendelea kuingiza miamala. Mwanzo wa faili unanakiliwa saa mbili usiku na mwisho wake saa mbili na nusu, na katikati pamebadilika. Siku ya kulirejesha, kanzidata inakataa kulifungua. Programu za kisasa huongea na kanzidata kwanza, zikaiomba itulie kwa sekunde chache, ndipo zinachukua picha kamili ya wakati mmoja. Hii ndiyo tofauti inayolipiwa, na afisa TEHAMA aieleze hivyo kwenye dokezo lake badala ya kuandika tu kwamba toleo lililopo "limepitwa na wakati".

Kuna sababu ya pili, nayo imepata uzito mkubwa katika miaka ya karibuni. Wahalifu wanaofunga data za watu na kudai fedha wanajua kwamba ofisi yenye nakala nzima haitawalipa. Kwa hiyo wakiingia wanaitafuta bakapu kwanza. Nayo ni windo zuri, kwa sababu ina ruhusa za juu kabisa kwenye kila seva na inasoma kila faili. Machi 2021 kampuni ya Veritas ilitoa marekebisho ya dosari tatu katika programu yake ya Backup Exec. Oktoba 2022, yaani mwaka mmoja na nusu baadaye, washirika wa kundi la wahalifu liitwalo ALPHV walionekana wakiingia kwenye mifumo ya watu kupitia dosari hizohizo, kwa wale ambao hawakuwa wameweka marekebisho. Wachunguzi wa kampuni ya usalama wa mitandao ya Mandiant walihesabu mitambo zaidi ya 8,500 ya programu hiyo iliyokuwa ikionekana kutoka kwenye intaneti, ingawa si yote iliyokuwa na dosari. Mwaka 2024 mambo yalikwenda haraka zaidi. Veeam, kampuni nyingine ya programu za bakapu, ilitoa marekebisho ya dosari kubwa mwezi Septemba, na kufikia Oktoba wahalifu wanaotumia virusi vya Akira na Fog walikuwa wameshaanza kuitumia.

Mwenye toleo linalohudumiwa alikuwa na wiki chache za kujikinga. Mwenye toleo lililoachwa hana hata hizo, kwa sababu marekebisho yake hayatatolewa. Na mwenye programu iliyokrekiwa yuko pabaya kuliko wote. Tunajua ziko ofisi, zikiwemo za heshima, zinazolinda hesabu za wateja wao kwa programu iliyotolewa kwenye flashi ya rafiki. Programu hiyo haiwezi kusasishwa, na yule aliyeivunja kufuli anaweza kuwa ameacha njia yake mwenyewe ya kuingilia. Iondoeni.

Ghana wana kisa kinachoeleza vizuri kwa nini nakala moja lazima ikae mbali na mtandao. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya viliishambulia kampuni ya meli ya Maersk na kuangusha seva zake zipatazo 150 zinazotunza majina na ruhusa za watumiaji. Seva hizo zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, na hilo lilihesabiwa kuwa ndiyo kinga, kwa hiyo zote zikafa pamoja. Ilipona moja tu, ya ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio na mashine ikawa nje ya mtandao. Intaneti ya huko haikutosha kuituma data hiyo kwa wenzao waliokuwa wakiurejesha mfumo huko Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, hivyo mmoja wao alisafiri hadi Nigeria kumkabidhi mwenzake diski, naye akaipeleka. Kampuni ilikadiria hasara ya dola milioni 250 hadi 300. Matoleo mapya ya programu nyingi za bakapu yanaweza kuifunga nakala isifutike kwa muda uliopangwa, hata na mwenye nywila ya msimamizi. Matoleo mengi ya zamani hayana uwezo huo. Ofisi isiyoweza kuununua uwezo huo leo inaweza angalau kununua diski mbili za nje, zikapokezana kila wiki, moja ikiwa imechomolewa na kufungiwa kabatini katika jengo jingine.

Hoja ya fedha tunaiheshimu. Leseni zinauzwa kwa dola, na wauzaji wengi wameacha kuuza leseni ya kudumu. Wanataka ada ya kila mwaka. Kwa SACCOS ya wilayani au zahanati ya misheni, ada hiyo ni mshahara wa mtu. Lakini zipo programu huria zinazofanya kazi hii kwa uhakika bila ada ya leseni, kama Bacula, Borg na Restic, na Veeam yenyewe ina toleo la bure kwa mashine zisizozidi 10. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyepewa muda. Afisa TEHAMA mmoja anarekebisha printa, anaunganisha projekta ya mkutano, anafunga kebo, kisha tunamtaka usiku alinde kumbukumbu zote za taasisi. Apangiwe siku zake za kazi kwa shughuli hii, na awepo mwenzake anayejua nywila ziko wapi. Ofisi inayonunua leseni ghali bila kumpa mtu huo muda imetupa fedha zake.

Wanaonunua wamuulize pia muuzaji nani atakayeihudumia programu hiyo miaka mitano ijayo. Backup Exec iliyotajwa hapo juu ilitoka Seagate ikaenda Veritas mwaka 1999, ikaenda Symantec, ikarudi Veritas, na Desemba 2024 ikawa chini ya kampuni iitwayo Arctera. Programu inaweza kuendelea kuwa nzuri katika mikono yote hiyo, lakini mkataba wa huduma ni lazima usomwe upya kila mara mmiliki anapobadilika.

Wapo wanaoogopa kugusa kitu kinachotembea, na hofu yao ina msingi. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza terabaiti 77 za data za utafiti, mafaili yapatayo milioni 34, na kilichozifuta ni bakapu yenyewe. Kampuni iliyouza mtambo ilikuwa imeboresha hati ya amri inayofuta kumbukumbu za zamani za mfumo, na toleo jipya likaandikwa juu ya lile la zamani wakati bado linaendeshwa. Amri ikapoteza mwelekeo, ikaanza kufuta kazi za watafiti. Vikundi 14 viliguswa, na data za vinne kati yake hazikuweza kurejeshwa. Kampuni ilikubali kwamba kosa ni lake.

Kwa hiyo tunaposema pandisheni toleo, hatusemi mbonyeze kitufe Ijumaa jioni mkaenda nyumbani. Toleo jipya lisimikwe kwenye mashine nyingine na lifanye kazi sambamba na la zamani kwa mwezi mmoja angalau. La zamani lisizimwe mpaka jipya limerejesha data kwa mafanikio. Na msichague wiki za mwisho wa Juni, wakati halmashauri na wizara zinafunga mwaka wa fedha, wala siku za mishahara.

Hata baada ya kuizima programu ya zamani, msiitupe. Hili wengi hulisahau, na majuto yake huja baada ya miaka. Microsoft ilipoachana na programu yake ya NTBackup na kuleta nyingine katika Windows Vista na Server 2008, programu mpya haikuweza kusoma nakala za ile ya zamani. Ikalazimu kitolewe chombo cha pekee cha kuzifungulia. Kwa wanaotumia kanda, mashine ya LTO-8 haisomi kanda za LTO-6. Ofisi inaweza kununua kila kitu kipya, ikawa na kabati zima la kanda ambazo hakuna mashine jengoni inayozisoma. Sheria za kodi, Tanzania na Kenya, zinataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Basi mashine ya zamani, programu yake, namba ya leseni na nywila zake vikae pamoja, vikiwa vizima, mpaka nakala ya mwisho iliyoandikwa humo imemaliza muda wake.

Wauzaji watawaambia dawa ya yote haya ni kuhamia kwenye wingu. Wingu linasaidia, hasa dhidi ya moto na wizi, na tungependa kila ofisi iwe na nakala moja huko. Lakini tunaoishi pwani hii tunakumbuka tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Hospitali ambayo nakala yake pekee iko ng'ambo ingekaa siku hizo ikisubiri. Nakala nyingine ibaki karibu.

Tumetaja jaribio la kurejesha, tueleze linavyofanyika, kwa maana lenyewe halina gharama ya leseni. Chukueni kompyuta ambayo haitumiki, isiyounganishwa na mfumo halisi. Afisa arejeshe humo kanzidata nzima ya mishahara kama ilivyokuwa miezi mitatu iliyopita, kutoka kwenye nakala, bila kugusa seva. Mtu mwingine ashike saa. Ikishafunguka, aitwe mhasibu, maana yeye ndiye anayejua sura ya data yake. Afungue orodha ya mwezi ule, alinganishe jumla ya mishahara na ile iliyo kwenye karatasi iliyosainiwa, kisha atafute jina la mfanyakazi mmoja aliyeajiriwa mwezi huo na mmoja aliyeondoka. Hesabu zikilingana, aandike hivyo na kusaini. Zisipolingana, au kazi ikichukua siku tatu wakati ofisi haiwezi kukaa hata siku moja bila mfumo, uamuzi wa kubadilisha umekwishapatikana.

Na tuseme haki: programu ikifaulu jaribio hilo, ikawa bado inahudumiwa na mtengenezaji, na ikawa inazitambua seva na kanzidata zote zilizopo, hakuna sababu ya kununua nyingine kwa kuwa tu muuzaji amekuja na kipeperushi. Fedha hizo ziende kwenye diski za akiba au mafunzo.

Sheria nayo imekwishaingia katika jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, inapoorodhesha hatua za usalama, inataja uwezo wa kurejesha upatikanaji wa data binafsi kwa wakati panapotokea ajali ya kimwili au ya kiufundi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mwenye taarifa za watu azilinde zisipotee wala kuharibika. Shule yenye matokeo ya wanafunzi, zahanati yenye kadi za wagonjwa, chama chenye akiba za wanachama, wote wanashika mali ya watu wengine. Mama aliyeweka akiba yake kidogokidogo hana nakala nyingine ya salio lake zaidi ya kitabu chake na seva ya chama. Kwake yeye, kumpa jibu kwamba "mfumo ulileta shida" ni kumdhulumu.

Tunaziomba bodi na wakaguzi wa ndani walichukue suala hili mikononi mwao, lisibaki kuwa dokezo la afisa mmoja. Katika kila kikao cha robo mwaka, pamoja na taarifa ya fedha, iletwe karatasi moja inayosema ni data gani iliyorejeshwa kwa majaribio, lini, kwa muda gani, na nani aliyeithibitisha. Taasisi isiyoweza kuileta karatasi hiyo katika kikao kijacho itenge fedha za programu mpya kabla kikao hakijafungwa.